Data Inaegemea Wapi? Mhadhara Kuhusu Kuzipima Takwimu za Vifo



Kila aliyefuatilia habari za afya nchini Tanzania katika miaka ya karibuni amezisikia namba mbili zikitajwa pamoja: 556 na 104. Ya kwanza ni vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kama ilivyotolewa na utafiti wa kitaifa wa 2015-16. Ya pili ni kipimo hicho katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022. Ukizitoa unapata upungufu wa zaidi ya asilimia 80. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea jijini Dar es Salaam tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates kwa sababu ya mafanikio hayo, na tangu hapo namba hizo mbili zimekuwa kama methali: zinatajwa, watu wanaitikia, mazungumzo yanaendelea.

Nazijadili leo kwa heshima zote, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Nyuma ya kila tarakimu yumo mama aliyeingia leba asitoke. Swali langu ni hili: mwananchi ambaye hakusomea takwimu, au mwandishi aliyepewa saa mbili kuandika habari, ataipimaje kauli kama ya asilimia 80?

Wengi hujibu kwa mojawapo ya njia mbili. Kuna anayeamini kila namba yenye nembo ya serikali au ya Umoja wa Mataifa, na kuna anayesema takwimu zote hupikwa. Hawa wawili wana jambo moja linalowafananisha: wote wamejipunguzia kazi. Hakuna aliyeuliza namba ilipatikanaje. Mimi nasema kwamba data yoyote ya binadamu ina mahali isipopaona, na mahali hapo pana mwelekeo. Upofu wa data unaisukuma namba juu au unaishusha chini. Anayejua inaegemea wapi, na kwa kiasi gani, anaweza kuitumia hata data yenye kasoro nyingi, na anaweza kuikataa kauli nzuri iliyojengwa juu ya data safi kabisa iliyokusanywa kwa ajili ya swali jingine.

Tuanze na namna mama aliyefariki anavyohesabiwa.

Katika nchi ambako kila kifo husajiliwa na daktari huandika sababu yake, kazi ni ya kufungua daftari. Kwetu watu wengi hufia nyumbani, maziko hufanyika siku ile ile au kesho yake, na cheti cha kifo hakitafutwi mpaka kuwe na mirathi, mafao au akaunti ya benki ya marehemu. Kwa hiyo tunategemea utafiti wa kaya. Lakini utafiti wa kaya huhoji walio hai. Mtoto mchanga aliyekufa tunaweza kumwuliza mama yake. Mama aliyekufa tutamwuliza nani?

Mwaka 1989 Wendy Graham, William Brass na Robert Snow walichapisha njia ya kulijibu swali hilo, baada ya kuijaribu nchini Gambia: waulize wanawake walio hai habari za dada zao. Tafiti kubwa za afya zinazofanyika katika nchi nyingi, za kwetu zikiwemo, zinatumia sura iliyoboreshwa ya njia hiyo. Mdadisi anakaa na mwanamke wa miaka 15 hadi 49, anamtaka awataje wote waliozaliwa na mama yake mzazi, mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mmoja: jina, jinsia, yu hai au la, ana umri gani. Kama amefariki, ni miaka mingapi iliyopita, alikuwa na umri gani. Na kama alikuwa mwanamke wa umri wa kuzaa: je, alikuwa mjamzito? Alikuwa anajifungua? Alifariki muda gani baada ya kujifungua?

Ni njia ya busara, nami naiheshimu, kwa sababu mwanamke mmoja anakupa habari za wanawake watatu au wanne. Sasa tazameni isichokiona. Marehemu ambaye hakuwa na dada wa tumbo moja aliye hai na wa umri unaohojiwa hana wa kumtaja. Pengo hilo lenyewe halina madhara makubwa iwapo wanawake wasio na dada hufariki kwa kiwango kile kile cha wenzao. Pengo linalonisumbua zaidi ni jingine. Msichana wa miaka 17 amefariki kwa mimba iliyotolewa kwa siri, ujauzito ukiwa wa miezi mitatu. Dada yake ameolewa mkoa mwingine. Aliambiwa mdogo wake aliugua tumbo ghafla. Au anaijua kweli yote, lakini mbele ya mgeni mwenye kishikwambi, na wifi amekaa pembeni, atasema aliugua tumbo. Kifo hicho kitaandikwa kuwa kifo cha kawaida. Hapa data inaegemea chini, na inawaegemea vibaya wasichana ambao tungetaka sana kujua habari zao.

Kuna mwegemeo wa upande wa pili. Kwa muda mrefu tafiti za aina hii zilihesabu kila kifo kilichotokea wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua au katika miezi miwili baada yake, bila kuuliza chanzo. Mjamzito aliyegongwa na gari aliingia humo humo pamoja na aliyevuja damu baada ya kujifungua. Baadaye dodoso liliongezewa maswali: je, kifo kilitokana na ajali au ukatili? Kilitokea ndani ya siku 42, kama fasili ya Shirika la Afya Duniani inavyotaka? Ni maboresho mazuri kabisa. Lakini namba iliyopimwa kwa fasili pana ukiiweka kando ya namba iliyopimwa kwa fasili finyu, sehemu ya tofauti yao imetokana na fasili. Huwezi kuiandika yote katika hesabu ya huduma bora.

Na hapo bado hatujagusa uchache wa vifo vyenyewe. Watu hushangaa wakisikia utafiti wa 2022 uliwahoji wanawake 15,254. Wanaona ni wengi. Kwa kupima matumizi ya vyandarua ni wengi. Kifo cha uzazi ni tukio adimu: kwa kiwango cha 556, ni kifo kimoja katika vizazi 180 hivi, kwa kiwango cha 104, ni kimoja katika vizazi zaidi ya 960. Tufanye hesabu ya mfano tu. Chukueni vizazi 20,000. Kwa kiwango cha kwanza mngetarajia vifo 111, kwa cha pili vifo 21. Sasa wadadisi wakivikosa vifo 10 kwa sababu za siri na aibu nilizozitaja, ile ya kwanza ilitakiwa iwe 605 badala ya 556. Mabadiliko si makubwa. Ile ya pili ilitakiwa iwe 155 badala ya 104, yaani imepanda kwa nusu nzima. Vifo ni vile vile kumi. Kadiri namba inavyopungua ndivyo kila kosa dogo linavyokuwa na nguvu zaidi juu yake, nasi tunaelekea kuwa nchi yenye namba ndogo, kwa hiyo tutahitaji uangalifu mkubwa kuliko tulivyozoea.

Uchache huu ndio unaofanya kila ripoti ya maana iandike mpaka wa chini na mpaka wa juu. Nataka tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo magazeti yetu huteleza mara nyingi.

Utafiti wa 2004-05 ulitoa 578. Wa 2010 ukatoa 454. Wa 2015-16 ukatoa 556. Mnakumbuka kelele zilizofuata: vifo vya uzazi vimepanda, tumerudi nyuma, nani awajibike? Fungueni ripoti zenyewe. Namba ya 2010 ilikuwa na mipaka ya 353 hadi 556. Ya 2015-16 ilikuwa na mipaka ya 446 hadi 666. Sehemu kubwa ya vipindi hivyo viwili inapishana. Data ile haikuweza kutofautisha kati ya kupanda, kushuka na kubaki pale pale. Aliyesema mwaka 2010 kwamba tumeokoa wanawake wengi hakuwa na ushahidi wa kutosha, na aliyelia mwaka 2016 kwamba tumewaangusha hakuwa nao pia. Miaka mitano ya mjadala wa kitaifa ilisimama juu ya tofauti ambayo kipimo chenyewe hakikuwa na uwezo wa kuiona. Sensa ya 2012, iliyotumia njia nyingine ya kuuliza vifo katika kaya, ilitoa 432. Nayo ina upofu wake: mama akifariki, mara nyingi kaya huvunjika, watoto huchukuliwa na bibi, na karani wa sensa akifika hakuna nyumba ya kumwambia kwamba hapa alikufa mtu.

Kuna jambo la tatu, nalo ni la wakati. Kwa kuwa vifo ni vichache, hakuna utafiti wa namna hii unaotoa kiwango cha mwaka mmoja. Unakusanya vifo vya miaka mingi iliyotangulia na kuvijumlisha. Ile 556 inayoitwa ya 2015-16 ni wastani wa miaka kumi iliyopita kabla ya utafiti. Ile 454 ya 2010 nayo ilikuwa ya miaka kumi. Maana yake ni kwamba kuna mama aliyefariki mwaka 2008 ambaye yumo katika namba zote mbili, zile zile ambazo tulizilinganisha tukisema zamani na sasa.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano ulio wazi kuliko wetu. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Uhuru Kenyatta ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata ukafanyika utafiti wa kitaifa, ukatoa vifo 362 kwa vizazi 100,000, wakati ule wa 2008-09 ulikuwa umetoa 488. Wengi wakaunganisha: huduma ya bure imeokoa akina mama. Napenda sana iwe hivyo, na huenda huduma ya bure iliokoa wengi. Lakini ile 362 ilihusu miaka saba kabla ya utafiti. Wadadisi walikuwa vijijini kati ya Mei na Oktoba 2014, kwa hiyo sera hiyo ilikuwa imeishi mwaka mmoja na kitu ndani ya dirisha la miaka saba. Zaidi ya hayo mipaka ya namba ya kwanza ilikuwa 333 hadi 643, na ya pili 254 hadi 471. Data ile haikufaa kuwa shahidi katika kesi ile, hata kama mshtakiwa alistahili kushinda.

Hali kadhalika kwetu. Mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ni kazi ninayoishabikia kwa moyo wote: namba ya bure ya 115, madereva wa jamii, mama anafikishwa kwenye upasuaji kabla hajachelewa. Ulianza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Utafiti uliotoa 104 ulifanyika kati ya Februari na Julai ya mwaka huo huo, ukiwauliza wanawake habari za dada waliofariki katika miaka iliyotangulia. Namba ile haiwezi kuwa tunda la m-mama kitaifa. Tunda la m-mama, kama lipo, litaonekana katika utafiti ujao, na anayeupenda mradi huo angefaa kuwa wa kwanza kuudai utafiti ujao.

Nitazigusa kwa haraka data za vituoni, maana kuna watakaoniuliza: kwa nini tusitumie vitabu vya MTUHA na mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambamo kila kituo huripoti kila mwezi? Tunavitumia, na vina thamani kubwa. Ila kituo hakimwoni aliyefia nyumbani. Mwaka 2015-16 waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 63 ya wanaojifungua. Mwaka 2022 walifika asilimia 81. Fikirini matokeo yake. Mama aliyezoea kufia kijijini bila kuandikwa, sasa analetwa hospitali akiwa mahututi, na akifariki anaandikwa. Hospitali ya wilaya inayofanya kazi nzuri ya kupokea rufaa inaonekana katika daftari kama hospitali inayoua. Mkuu wa wilaya asiyejua mwegemeo huu atamkaripia mganga mfawidhi kwa kosa la kuwaokoa na kuwaandika watu, na mwezi ujao muuguzi mwenye hofu ataandika kwamba mama alifia njiani. Zaidi ya hapo kuna tofauti ya nafasi iliyoachwa wazi na sifuri iliyoandikwa. Kituo ambacho hakikutuma taarifa mwezi wa Aprili hakikumaanisha kwamba hakuna aliyekufa Aprili, lakini katika jumla ya mkoa, wazi na sifuri hujumlishwa sawasawa.

Sasa nitoke kwenye uzazi niwape kisa ambacho mwegemeo wa data ulijulikana, ukapimwa, ukarekebishwa, na namba ya dunia nzima ikabadilika.

Katika miaka ya 1990 nchi zetu zilijua kiwango cha maambukizi ya VVU kwa njia moja kuu: damu iliyobaki kliniki baada ya vipimo vya kawaida vya wajawazito. Ilikuwa njia ya haraka na ya gharama nafuu, nayo iliokoa maisha kwa kuziamsha serikali. Lakini kliniki zilizochaguliwa zilikuwa zaidi za mijini na kandokando ya barabara kuu. Waliopimwa walikuwa wanawake pekee, tena wanawake ambao kwa hali yao wenyewe tunajua walikuwa wameshiriki ngono bila kinga. Hakukuwa na mwanamume hata mmoja, wala bikira, wala bibi wa kijiji cha ndani. Kila mmoja wa waliokosekana alikuwa, kwa wastani, na uwezekano mdogo zaidi wa kuambukizwa. Data iliegemea juu. Tafiti za kaya zilipoanza kupima damu, Tanzania Bara ilipata asilimia 7 mwaka 2003-04, Kenya ikapata asilimia 6.7 mwaka 2003, chini sana ya makadirio yaliyokuwa yakitumika Kenya. Novemba 2007 UNAIDS ilitangaza kwamba walioishi na VVU duniani walikuwa milioni 33.2, ilhali mwaka mmoja nyuma ilikuwa imesema milioni 39.5. Sehemu kubwa ya marekebisho ilitoka India, ambako utafiti wa kaya ulifanya kazi ile ile. Si kwamba watu milioni sita walikuwa wamepona. Kilichobadilika ni upeo wa macho yetu.

Kisa hiki kina fundisho la pili, na ndilo ninalolithamini zaidi. Baada ya mwegemeo kugunduliwa, kuna waliotaka data ya kliniki itupwe. Lingekuwa kosa. Mizani ya duka inayozidisha gramu 50 kila mara haikwambii uzito wa kweli wa sukari yako, lakini itakwambia kwa uhakika kama leo umepimiwa kidogo kuliko jana. Kliniki zile zile, zikipima wanawake wa namna ile ile mwaka hadi mwaka, zilionyesha vizuri kama maambukizi yanapanda au yanashuka. Data moja ilikuwa shahidi mbovu wa kiwango na shahidi mzuri wa mwelekeo. Kwa hiyo ukiambiwa data hii ina kasoro, uliza mara moja: kasoro kwa ajili ya kauli ipi?

Nakuja kwenye jambo gumu zaidi, nami naomba mnisikilize kwa utulivu, maana miongoni mwenu wapo waliotoka Bukavu, Goma na Uvira.

Namba inayotajwa duniani kote kuhusu vita vya Kongo ni watu milioni 5.4 waliokufa kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Ilitokana na mfululizo wa tafiti tano za shirika la International Rescue Committee. Wadadisi waliingia vijijini katika mazingira ya hatari, wakauliza nani amekufa katika kaya. Walithibitisha jambo ambalo dunia haikutaka kulisikia, kwamba wengi kabisa wa waliokufa hawakupigwa risasi: waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, baada ya zahanati kuporwa na mashamba kuachwa. Ushahidi huo ni wa thamani mpaka leo.

Lakini milioni 5.4 haikuwa hesabu ya waliokufa. Ni hesabu ya vifo vya ziada, vile ambavyo visingetokea kama kusingekuwa na vita. Ili upate ziada lazima ujue kawaida. Na kawaida ya Kongo ilikuwa nini? Sensa ya mwisho ya nchi hiyo ilifanyika mwaka 1984. Watafiti walichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Wakosoaji, wakiwemo waandishi wa Human Security Report wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Canada, wakauliza: Kongo ya mwisho wa enzi za Mobutu, yenye barabara zilizokufa na hospitali zisizo na dawa, ilikuwa kweli nchi ya wastani? Walipoweka 2.0 mahali pa 1.5, makadirio ya tafiti tatu za mwisho yalishuka kutoka milioni 2.8 hadi watu 863,000. Walitaja dalili moja iliyokuwa ndani ya data yenyewe: mikoa ya magharibi, ambako vita havikufika kwa kiasi kikubwa, nayo ilionyesha vifo vingi vya ziada. Ikiwa mahali pasipo na vita panaonyesha ziada kubwa, ile kawaida uliyoichagua iko chini mno.

Nusu kifo kwa watu elfu moja inaonekana haina uzito. Katika nchi ya watu milioni 60, nusu hiyo ni vifo 30,000 kwa mwezi, vifo 360,000 kwa mwaka. Namba iliyotikisa Umoja wa Mataifa ilisimama juu ya kitu ambacho hakikupimwa ndani ya Kongo.

Kuna watakaosema kulijadili hili ni kuwadharau wafu wa Kongo. Mimi naona kinyume chake. Wale 863,000 ni watu zaidi ya laki nane, nao ni maafa makubwa kuliko vita vingi ambavyo dunia inavikumbuka kwa minara. Anayewatetea Wakongo kwa namba asiyoweza kuitetea anampa mkanushaji silaha ya bure. Bora kusema: kuna makadirio ya chini na ya juu, tofauti yake imetokana na kiwango cha kawaida kilichochaguliwa, na katika makadirio yote watu walikufa kwa wingi wa kutisha kwa maradhi yanayotibika.

Nirudi sasa kwenye 556 na 104, nitoe hukumu yangu, kwa kuwa mwalimu anayefundisha kuhoji kisha akakataa kuhukumu amewaacha wanafunzi wake njiani.

Kwamba vifo vya uzazi Tanzania vimepungua, naamini. Siamini kwa sababu ya namba hizo mbili peke yake. Naamini kwa sababu data nyingine zenye miegemeo tofauti zinaelekea upande mmoja: kujifungulia vituoni kumetoka asilimia 63 hadi 81, vituo vya afya vingi vimewezeshwa kufanya upasuaji, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaotumia mifumo ya kihesabu wanaona mteremko pia. Kwamba vimepungua kwa asilimia 80 ndani ya miaka sita au saba, data haijanishawishi. Namba ya juu ilibeba mwegemeo wa kwenda juu, kwa fasili pana. Namba ya chini imebeba mwegemeo wa kwenda chini, kwa vifo vilivyofichwa. Ukitoa moja kwenye nyingine, miegemeo hiyo miwili haifutani. Inajumlishana na kuipanua tofauti. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa 2023 yaliweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Nayo yana mwegemeo wake: mfumo unaotumia pato la taifa, kiwango cha uzazi na idadi ya wanaohudumiwa na wataalamu wakati wa kujifungua hulainisha mabadiliko ya ghafla, hivyo huchelewa kuyaona mafanikio ya kweli yanapokuja kwa kasi. Ukweli, kwa maoni yangu, uko mahali fulani katikati ya 104 na 238, na mwandishi anayeandika "vimepungua sana, pengine zaidi ya nusu" amesema kitu anachoweza kukisimamia mahakamani.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho naomba wanafunzi wa takwimu mkifanye. Dodoso lile la ndugu halitoi vifo vya uzazi tu. Linatoa vifo vyote vya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Linganisheni utafiti hadi utafiti. Ikiwa vifo vya sababu zote vimeshuka ghafla kwa kiasi kisichoelezeka hata kwa dawa za kufubaza VVU, basi huenda wadadisi waliochoka, au wahojiwa waliochoka, waliacha kutaja marehemu kwa jumla. Ikiwa vifo vingine vimeshuka polepole na vya uzazi pekee vimeporomoka, kauli ya mafanikio itapata nguvu mpya. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji mtu, kompyuta na faili la data.

Faili hilo ndilo linalonipa wasiwasi. Tafiti hizi, katika nchi zaidi ya 90 tangu 1984, ziliendeshwa kwa msaada mkubwa wa Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Marekani. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani iliukatisha mpango huo pamoja na misaada mingine mingi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina wataalamu wanaoweza kuifanya kazi, nimewaona wakiifanya. Kinachotakiwa ni fungu katika bajeti ya serikali kwa ajili ya utafiti ujao, dodoso la ndugu lisifupishwe ili kubana matumizi, na data ghafi iwekwe wazi kwa kila mwanafunzi kama ilivyokuwa. Wabunge watakapokaa kujadili bajeti ya afya, waandishi mlioko hapa muwaulize kuhusu fungu hilo kwa jina lake.